Pumzika Mzee: Heshima Inayomaliza Miguu ya Wazazi Wetu

Ukialikwa kwenye hafla ya kumuaga mtumishi anayestaafu, tupa jicho kwenye zawadi zinazopangwa mbele ya ukumbi. Hapakosi godoro, televisheni, pengine friji dogo, na mara nyingi kuna seti ya makochi, yale yaliyonona mikononi, yamefungwa nailoni mpaka miguuni. MC anatangaza kwa mbwembwe kwamba mzee wetu amelitumikia taifa vya kutosha, sasa akapumzike. Vigelegele. Makochi yanapakiwa kwenye Kirikuu, yanasindikizwa hadi nyumbani, na mtu wa miaka 60, ambaye mpaka Ijumaa iliyopita alikuwa anagombania daladala na kupanda ngazi za ofisi kwa sababu lifti imekufa, anaanza rasmi kazi ya kukaa.

Nimewahi kuingia kwenye semina za wastaafu watarajiwa. Hapo utafundishwa kikokotoo mpaka kichwa kiume, utaonywa juu ya matapeli wanaonusa harufu ya mafao, utapewa na somo la kufuga kuku wa mayai. Mtu wa afya hupewa nusu saa kabla ya chakula cha mchana. Anazungumzia presha, sukari na chumvi huku washiriki wakitazama mlango ambao sufuria zitapitia. Miguu haitajwi. Na miguu, hasa yale mapaja mawili yanayomnyanyua mtu kwenye kiti, ndiyo itakayoamua kama miaka 20 ijayo mstaafu huyu atakwenda chooni mwenyewe au atapelekwa.

Kwetu, kumheshimu mzee ni kumpunguzia kazi. Kijana anayekaa kitako huku mama yake akibeba ndoo ataitwa hana malezi, na atastahili. Shikamoo haijaisha mdomoni, mfuko umeshachukuliwa mkononi mwa bibi. "Mama, kaa tu, tutafanya sisi." Kwenye daladala anapishwa siti, angalau na wale waliobakiwa na haya. Adabu hii ni nzuri na sitaki ife. Tatizo ni kwamba msuli haujui heshima. Msuli unatunzwa na kazi. Usipopewa kazi, mwili unaona hauna haja ya kuulisha, unaanza kuupunguza kimyakimya.

Upungufu huo huanza mapema kuliko tunavyodhani. Tangu umri wa miaka 30 na kitu, mtu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila baada ya miaka kumi, na akishavuka 60 kasi inaongezeka. Nguvu hupotea haraka zaidi kuliko ukubwa wa msuli wenyewe. Ndiyo maana mzee anaweza kuwa amenawiri, mashavu yamejaa, wageni wakasifu kwamba anatunzwa vizuri, kumbe ndani ya paja nyama imeshaiachia mafuta nafasi. Zinazotangulia kuondoka ni zile nyuzi za msuli zinazofanya kazi kwa haraka, ambazo ndizo humdaka mtu pale anapojikwaa. Mtu wa miaka 30 akikanyaga ganda la ndizi anayumba, anacheka, anaendelea na safari. Wa miaka 75 ambaye nyuzi hizo zimekwisha anakwenda chini mzima mzima, na nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawarudi kutembea kama zamani.

Nina shangazi yangu ambaye alizeekea Muheza, akilima mihogo na kuchuma machungwa. Mume alipofariki, wanawe wakaona si vema mama abaki peke yake shamba. Wakamleta Dar es Salaam, Tabata, wakampa chumba chenye bafu lake ndani, televisheni yake, na dada wa kazi ambaye aliagizwa kwamba bibi asiguse kitu. Asiguse kweli. Chai inaletwa, maji ya kunawa yanaletwa, nguo zinafuliwa. Watoto hawa walifanya kile ambacho kila mzazi angeombea.

Siku moja nilipokwenda kumsalimia nilikaa nikamtazama anavyonyanyuka kwenye kochi. Kwanza alijisogeza hadi ukingoni, mara mbili, kama mtu anayeshuka kitandani gizani. Akaweka viganja vyote viwili kwenye mikono ya kochi. Akainama mbele, akarudi. Akainama tena, akarudi. Mara ya tatu ndipo mwili ukaondoka, viwiko vikitetemeka, kwa maana mikono ndiyo iliyokuwa inafanya kazi ya miguu. Aliposimama hakuondoka, alishika mgongo wa kochi, akangoja kichwa kitulie. "Ndiyo uzee huo, baba," akaniambia. Mwaka mmoja na kidogo kabla ya hapo mwanamke huyu alikuwa anainama kupalilia tangu alfajiri mpaka jua la saa nne. Hakuna uzee unaokimbia hivyo. Kilichokimbia ni nguvu ambayo hakuna mtu aliyeihitaji tena.

Wanaotaka kujua uzee unaofanya kazi unafananaje hawana haja ya kusafiri mbali. Watafiti kutoka Marekani na kwingineko hupanda ndege kuja Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, kwa ajili hiyo. Katika miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliishi na jamii ya huko ya Wahadzabe wakihesabu nani anatafuta chakula, kwa muda gani, na anapata nini. Kilichowashangaza ni mabibi. Wanawake waliokwisha kupita umri wa kuzaa walikuwa wakitumia muda mrefu porini kuliko mabinti zao, wakichimba mizizi kwa mti uliochongwa ncha, katika ardhi yenye mawe, mzigo ukarudishwa kambini mgongoni. Mama anaponyonyesha mtoto mchanga, yule mkubwa aliyeachishwa ziwa anategemea mti huo wa bibi yake. Kutokana na mabibi hao wa Eyasi, Hawkes alijenga hoja inayojulikana duniani kote kwamba huenda binadamu anaishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu bibi alikuwa na kazi ya kufanya.

Baadaye kundi jingine la watafiti, akiwemo David Raichlen, liliwafunga Wahadzabe vifaa vya kupima mapigo ya moyo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba kila siku wanatumia zaidi ya saa moja katika mwendo wa kuutoa mwili jasho, na tofauti kati ya vijana na wazee ilikuwa ndogo. Dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache. Sisemi kwamba maisha ya porini ni bustani ya Edeni. Watoto hufa kwa maradhi ambayo zahanati ingeyatibu, na kuanguka kutoka kwenye mbuyu ukifuata asali si jambo la mchezo. Lakini anayefika uzeeni huko anafika na miguu yake.

Kilichonivutia zaidi ni utafiti wa kundi hilo wa mwaka 2020, kwa sababu uliuliza kuhusu kupumzika. Ikaonekana Wahadzabe nao hutulia karibu saa kumi kwa siku wakiwa macho, muda usiopishana sana na wa watu wa mijini wanaoshinda ofisini. Tofauti iko katika namna ya kutulia. Wao huchutama, hupiga magoti, hukaa chini wakanyanyuka, wakakaa tena. Katika mikao hiyo misuli ya miguu haijalala. Inafanya kazi kidogo kidogo muda wote. Kwenye kochi imelala kabisa.

Hapo nikawaza nyumba za utotoni mwangu. Nazi ilikunwa juu ya kibao cha mbuzi, sentimita chache kutoka sakafuni. Mchele ulichaguliwa mkekani. Moto ulipulizwa kwa kuinama, choo kilikuwa cha kuchutama, na mgeni akikaribishwa chakula, watu wote walishuka chini kuzunguka sinia. Bibi wa nyumba hizo alikuwa ameshuka na kunyanyuka mara nyingi hata kabla ya adhuhuri, bila kuvaa raba wala kuita kitu hicho mazoezi. Leo jiko la gesi liko kiunoni, nazi inakuja kwenye pakiti, chakula kiko mezani na choo ni cha kukaa. Nafurahia vyote hivi, na kwa mwenye goti bovu choo cha kukaa ni mkombozi hasa. Ila kila kimoja kimemnyang'anya mzee safari ndogo ya kutoka chini kwenda juu, na hatujamlipa kitu kingine mahali pake.

Waislamu wana mabaki ya zoezi hilo ambayo hayajaguswa na samani. Sala tano za faradhi zina rakaa 17, na kila rakaa ina sijda mbili. Mzee anayesali zote akiwa amesimama, akarukuu na kusujudu kisawasawa, ameshuka hadi paji la uso likagusa ardhi mara 34 kwa siku, ukiacha sunna. Lakini angalia pembeni mwa safu katika misikiti ya mjini: viti vya plastiki vinaongezeka. Dini imemruhusu mgonjwa kusali akiwa amekaa, hata akiwa amelala, na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Ninachosema ni cha kidunia: mtu akishahamia kwenye kiti kwa sababu magoti yanalia, na hakuna anayemsaidia kuyaimarisha magoti yenyewe, ni nadra kumwona amerudi kwenye mkeka.

Daktari Claudio Gil Araújo wa Rio de Janeiro, Brazil, amelifanya jambo hili kuwa kipimo. Anamwambia mtu akae chini sakafuni kisha anyanyuke, akitumia msaada mdogo kadiri awezavyo. Unaanza na alama 10. Kila ukiegemea mkono, kiwiko au goti, unakatwa. Mwaka 2012 yeye na wenzake walichapisha habari za watu zaidi ya 2,000 wa miaka 51 hadi 80, ikaonekana waliopata alama 3 kushuka chini walikufa kwa wingi mara kadhaa kuliko waliopata 8 na zaidi katika miaka iliyofuata. Mwaka 2022 wakaja na kipimo kingine: simama kwa mguu mmoja kwa sekunde 10. Walioshindwa walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya miaka saba. Msomaji asikimbilie kujipima jikoni kisha akaandika wosia. Anayeshindwa kusimama kwa mguu mmoja huenda tayari ana kisukari au moyo umechoka, na maradhi ndiyo yanayomuua, mguu unatoa taarifa tu. Lakini taarifa hiyo ni ya bure, haihitaji maabara, na sijui kwa nini haiulizwi pale mzee anapokwenda kuchukua dawa zake za kila mwezi.

Swali ambalo watoto wengi huuliza ni kama inawezekana kurudisha kilichoondoka. Jibu lilipatikana Boston mwaka 1990. Daktari Maria Fiatarone alikwenda kwenye nyumba ya kulelea wazee, akachukua watu kumi, wanawake kwa wanaume, wastani wa umri wao miaka 90. Hawakuwa wazee wa kupigwa picha magazetini wakikimbia. Walikuwa dhaifu, wengi wakiwa na maradhi zaidi ya moja. Akawanyanyulisha vyuma kwa misuli ya mbele ya paja, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane, na hakuwapa vyuma vya kubembeleza. Uzito ulikaribia asilimia 80 ya kile ambacho kila mmoja aliweza kunyanyua mara moja. Tisa walimaliza. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Wawili wakaweka bakora pembeni. Kati ya watatu waliokuwa hawawezi kunyanyuka kwenye kiti bila kutumia mikono, mmoja akaweza.

Nimeirudia habari hii mara nyingi mbele ya watu na kila mara naona jicho la kutoamini. Tumezoea kudhani kwamba chuma ni cha vijana wa gym wanaotaka vifua, na kwamba mzee akipewa zoezi basi atembee polepole bustanini huku amefunga mikono nyuma. Kutembea ni kuzuri. Kunasaidia moyo, presha, sukari, usingizi, hata ile huzuni inayowapata wastaafu simu ikishaacha kuita. Lakini kutembea polepole hakumpi paja sababu ya kuongeza nguvu. Paja linaongeza nguvu pale linapobebeshwa kitu kinacholitoa pumzi.

Shangazi yangu aliteleza bafuni kwenye marumaru yenye maji. Hakuvunjika, tukashukuru Mungu, lakini alianza kuogopa, na woga wa kuanguka ni maradhi kamili: mtu anapunguza kutembea ili asianguke, miguu inazidi kulegea, kuanguka kunakaribia. Akapelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia, msichana mdogo aliyemwamkia kwa magoti kabisa kisha akamwamuru kama askari. Hakuandika dawa. Alisema bibi anyanyuke kwenye kiti akiwa amekunja mikono kifuani. Hakuweza. Basi likatafutwa blanketi, likakunjwa, likawekwa juu ya kiti, kisha la pili, mpaka kiti kikawa juu kiasi ambacho aliweza kunyanyuka mwenyewe kwa shida kidogo. Hapo ndipo alipoanzia: mara tano asubuhi, mara tano jioni, kunyanyuka kwa kawaida na kushuka taratibu bila kujitupa. Kushuka taratibu, yule binti alisisitiza, ndiko kunakojenga zaidi. Kila alipozoea, blanketi moja likatolewa.

Yaliyobaki yalikuwa ya aina hiyo hiyo, vitu vya nyumbani. Kushika ukingo wa sinki na kuinua visigino. Kusimama mguu mmoja ukutani, kwanza kwa mikono miwili, halafu mmoja, halafu kwa kidole. Kutembea kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma, kama anayepima kiwanja kwa nyayo. Dumu la lita tano, ambalo likijaa ni kilo tano, kulitoa sakafuni hadi mezani; alianza na lililo nusu. Mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa ulifungwa kwenye nondo ya dirisha ili auvute kifuani. Gharama ya vifaa vyote ilikuwa chini ya nauli ya bodaboda kwenda hospitali.

Na chakula kikabadilishwa. Wazee wengi tunawalea kwa uji laini, chai na mkate, tukifurahi kwamba angalau wanakula. Msuli hauwezi kujengwa na chai. Mzee anahitaji maharage, dagaa, mayai, maziwa, samaki, tena agawiwe kwenye kila mlo badala ya kusubiri nyama ya Jumapili. Mwenye ugonjwa wa figo aongozwe na daktari wake katika hili.

Sasa shangazi anakwenda sokoni mwenyewe, na ameanza ugomvi na dada wa kazi kwa sababu anataka kupika. Wanawe wamechanganyikiwa kidogo. Mama anayelalamikia chumvi ni mzigo mzito kuliko mama aliyetulia sebuleni.

Nikitaja mazoezi mbele ya watu wa umri wake, jibu la kwanza ni magoti. "Ute umeisha," wanasema, na mitaani hakuna dawa inayouzwa kama ya kurudisha ute: unga, majani, mafuta ya kuchua, supu ya makongoro. Goti linalouma kwa kusagika halitengenezwi na mnyanyuko mmoja wa kiti, na mtu aliyefikia kiwango cha kuhitaji upasuaji asidanganywe. Ila madaktari wa mifupa karibu wote duniani wanakubaliana kwamba kwa magoti ya namna hiyo, kuimarisha misuli ya paja na kupunguza uzito ndiyo matibabu ya mwanzo, kabla ya sindano na kisu. Paja lenye nguvu linalipunguzia goti mzigo. Maumivu kidogo wakati wa zoezi, yanayotulia baada ya muda, si dalili kwamba goti linaharibika. Goti likivimba, likapata moto au likagoma kukunjuka, hapo simama, muone daktari.

Kuna mambo mengine ambayo mzee asiyavumilie kwa kuona haya mbele ya wenzake. Kifua kubana, pumzi kukatika kupita kawaida, kizunguzungu, mapigo ya moyo yanayorukaruka: kaa chini, sema. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari awe na kitu kitamu mfukoni, na akague nyayo zake jioni, kwa kuwa miguu iliyopungukiwa hisia haimwambii kama raba imemchubua. Wakati wa kunyanyua, asibane pumzi. Ahesabu kwa sauti, anayehesabu hawezi kubana. Na wanaomeza dawa za presha wasitoke kitandani kwa kuruka.

Mjini Dar es Salaam mazoezi ya pamoja tunayo tayari, tena kwa fujo. Jumamosi na Jumapili kabla ya saa 12 asubuhi vikundi vya jogging vinajaza barabara kuanzia Temeke hadi Kinondoni, fulana za rangi moja, filimbi, kuitikiana kama tulivyofanya kwenye mchakamchaka shuleni. Vingi ni zaidi ya mazoezi: wanazikana, wanachangiana harusi, mgonjwa anatembelewa. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi kitaifa ili kupambana na maradhi yasiyoambukiza. Zanzibar wana desturi yao ya kuanza mwaka kwa mazoezi kila Januari 1, na humo utawaona kina mama wa makamo na mitandio yao wakiwa mstari wa mbele. Kigali, tangu 2016, kuna Jumapili ambazo barabara kadhaa hufungiwa magari watu wakakimbia, na pembeni wanapimwa presha na sukari bure.

Haya yote yanasimama juu ya ushahidi wa siku nyingi. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris alichapisha habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London: madereva, wanaokaa zamu nzima, walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makonda wao waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Gari moja, kampuni moja, njia moja. Makonda wetu wa daladala wananing'inia mlangoni na dereva amekaa. Sijui kama kuna aliyewahi kuwapima, lakini Morris angefurahi. Yeye mwenyewe aliishi hadi miaka 99, akifanya mazoezi.

Lakini ukitazama vizuri vikundi vyetu vya jogging, utaona mzee yuko nyuma, mita 200 kutoka kwenye filimbi, akitembea na mtu mmoja aliyeachwa amsindikize. Wiki ya tatu haji. Mwendo umepangwa kwa vijana, na kinachofundishwa ni mbio peke yake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 65 na kuendelea wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa kadiri kwa wiki, na hapo ndipo wengi wetu tunapoishia kusoma. Unaendelea: mazoezi ya nguvu angalau siku mbili kwa wiki, na mazoezi ya kulinda mizani ya mwili angalau siku tatu, ili wasianguke. Filimbi ya jogging haijafika huko.

Wapo waliofika kwa njia yao. Korogocho, Nairobi, wanawake wazee wameunda kundi liitwalo Shosho Jikinge. Wanajifunza taekwondo. Walianza kwa sababu chungu: wabakaji walikuwa wakiwavizia vikongwe wanaoishi peke yao. Wanapiga ngumi kwenye mto, wanarusha teke, wanapaza sauti ya kumkataa mtu. Kusudi lao ni kujilinda, na hakuna anayewahimiza kwa kuwaonyesha chati ya kolesteroli. Hata hivyo ukiangalia zoezi lenyewe, kusimama kwa mguu mmoja huku mwingine ukirushwa, kuhamisha uzito haraka, kusukuma kwa nguvu, ni yale yale anayoyaandika mtaalamu wa fiziotherapia, isipokuwa yamepewa sababu. Nadhani hapo kuna siri. Mzee hataki kuambiwa "fanya mazoezi" kama mtoto anayeambiwa anywe dawa. Anataka kazi yenye maana: bustani ya mchicha, wajukuu wa kuwapeleka shule kwa miguu, ngoma ya harusini inayochezwa kwa kushuka chini.

Kuna kipande cha utafiti wa Boston ambacho hakisimuliwi sana. Wiki nane zilipokwisha, wazee wakaachishwa vyuma. Wiki nne tu baadaye, asilimia 32 ya nguvu zao ilikuwa imepotea. Ndiyo maana kambi za mazoezi za siku moja na bonanza za mara moja kwa mwaka, zenye fulana na hotuba, haziwezi kumsaidia shangazi. Anahitaji kitu kilicho umbali wa kutembea kutoka mlangoni, siku zile zile kila wiki, na mtu anayejua jina lake atakayeuliza mbona Jumanne hakuonekana.

Karibu kila mtaa una viti vya plastiki vinavyoazimwa kwa harusi na misiba. Viti ishirini, kivuli cha mwembe au baraza la ofisi ya serikali ya mtaa, saa moja asubuhi kabla jua halijachachamaa, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Mwalimu anaweza kuwa muuguzi mstaafu au mwalimu wa michezo aliyefundishwa kwa siku mbili na mtu wa fiziotherapia kutoka hospitali ya wilaya. Vijana wa jogging, ambao siku ya Jumamosi wapo barabarani tangu alfajiri na nguvu za kumwaga, wapewe kazi ya kuvipanga viti hivyo. Kuviondoa waachiwe wazee wenyewe.